Mstaafu Asisubiri Mengineyo

Siku ya kwanza ya mkutano wa kawaida wa Baraza la Madiwani husomwa taarifa za kata. Diwani mmoja mmoja anasimama, anamshukuru Mwenyekiti, kisha anaeleza yaliyojiri kwake katika robo ya mwaka: choo cha shule kimetitia, kivuko cha miguu kimesombwa na mvua, zahanati imebaki na muuguzi mmoja, gari la taka halijaonekana mtaani kwa wiki kadhaa. Siku ya pili zinaletwa taarifa za kamati za kudumu, ikianza ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambayo hukutana kila mwezi, kisha za ujenzi na uchumi, elimu na afya, na udhibiti wa UKIMWI. Mkurugenzi, ambaye kisheria ndiye katibu wa baraza, amekaa karibu na Mwenyekiti, na wakuu wa idara wamepanga safu na makabrasha yao wakisubiri kuulizwa. Mwishoni kabisa, ajenda zikiwa zimekwisha na harufu ya pilau ikiwa imeshaingia ukumbini, unafika muda wa mengineyo. Hapo ndipo wastaafu huitwa mbele.

Wanasimama kwa mstari. Mama aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote amevaa kitenge alichokishona kwa ajili ya siku hiyo. Dereva wa gari la wagonjwa amevaa koti ambalo kwa kawaida hulitoa sandukuni siku za harusi. Mwenyekiti anawapa mkono, picha zinapigwa, kila mmoja anakabidhiwa cheti na zawadi: godoro, bando la mabati, pengine luninga au bahasha. Mmoja wao anaombwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wenzake, kwa kifupi kwa sababu muda umekwenda. Makofi yanapigwa na baraza linafungwa.

Sina ugomvi na godoro. Nimeona watu wazima wakilia kwa kupewa godoro, na sitamdharau mtu yeyote kwa machozi hayo. Aliyefanya kazi mahali kwa miaka zaidi ya thelathini anastahili kupigiwa makofi na watu waliosimama. Ninachokipinga ni mahali wanapowekwa. Kustaafu kwa mtumishi kumefanywa jambo la mengineyo, yaani sherehe inayofuata baada ya kazi za baraza kuisha, wakati kwa haki kungekuwa ndani ya kazi zenyewe: kuhesabiwa, kuulizwa, kuandikwa kwenye muhtasari na kufuatiliwa kwenye yatokanayo kama kinavyofuatiliwa kile choo cha shule.

Tuanze na haki za mtu. Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma unafahamika: miaka 55 kwa hiari, miaka 60 kwa lazima, ukiacha makundi machache kama maprofesa na madaktari bingwa. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinampa anayestaafu haki ya kusafirishwa na mwajiri wake hadi kwao, yeye na familia yake inayomtegemea, pamoja na mizigo. Kwa mwalimu, mkunga, mtendaji wa kata au bwana afya, mwajiri huyo ni halmashauri. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara madeni ya watumishi na wastaafu katika halmashauri, na nauli ya mizigo huwa haikosekani katika madeni hayo.

Sasa fikiria jambo hili linavyotabirika. Mvua ya mafuriko haitoi taarifa. Mlipuko wa ugonjwa hautoi taarifa. Serikali kuu ikichelewesha ruzuku, mkurugenzi atasema hakujua, na pengine ni kweli. Lakini tarehe ambayo mwalimu fulani atatimiza miaka 60 imo kwenye jalada lake tangu wiki aliyoripoti kazini akiwa kijana. Halmashauri imekuwa na miongo mitatu ya kujiandaa kumsafirisha. Inapofika siku yenyewe akaambiwa fungu halijaingia, hakuna maelezo yanayoweza kumridhisha, na wala hastahili kutafutiwa maelezo.

Mama yangu mdogo alikuwa mkunga wa zahanati katika halmashauri ambayo sitaitaja. Watoto aliowapokea walikuwa na watoto ambao pia aliwapokea. Siku ya kuagwa kwake alipewa cheti, godoro na kanga, na mwenyekiti wa siku hizo akamsifu kwa maneno mazuri ambayo mama mdogo aliyarudia nyumbani neno kwa neno. Kisha akaanza kufuatilia mafao. Jalada lake halikuwa na barua ya kuthibitishwa kazini. Barua ya ajira ilikuwamo, za kupandishwa daraja zilikuwamo, ila hiyo moja haikuonekana, na bila hiyo jalada halikuweza kwenda kwenye mfuko wa hifadhi. Alielekezwa wilaya ya zamani alikoanzia kazi, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imegawanywa na masjala yake kuhamishwa. Alipanda basi, akalala kwa watu, akarudi mikono mitupu, akapanda tena. Muda wote huo vitu vyake vilikuwa kwenye nyumba ya zahanati ambayo mkunga mpya alikuwa anaihitaji: kabati, mtungi wa gesi, mashine ya kushonea, na lile godoro jipya likiwa bado ndani ya nailoni yake, kwa sababu alisema atalitandika akifika kwake. Nauli ya mizigo haikutoka. Mwisho wajomba walichanga, tukakodi fuso.

Barua ile ilipatikana baadaye, ikiwa imebanwa kwenye jalada la mtu mwingine mwenye jina la ukoo linalofanana na lake. Mtu mmoja tu wa masjala, aliyeamua kukaa chini na kufungua jalada moja baada ya jingine, ndiye aliyeimaliza shida ile ndani ya asubuhi moja. Huyo naye sijui kama aliwahi kuagwa.

Najua mjadala wa wastaafu nchini kwetu umetawaliwa na kikokotoo cha mafao, na kwa haki. Tangu mifuko ya hifadhi ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iunganishwe mwaka 2018 kuwa PSSSF, malipo ya mkupuo yamekuwa kidonda. Waliozoea kupata asilimia 50 kwa mkupuo walijikuta, kuanzia Julai 2022, wakipewa asilimia 33 kama wengine wote. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha: asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Walimu bado wananung'unika na sioni sababu ya kuwanyamazisha. Lakini kikokotoo kinaamuliwa bungeni na serikalini. Diwani hana mkono hapo hata akipaza sauti namna gani. Jalada lililokamilika na nauli ya mizigo viko ndani ya uwezo wake kabisa. Ndiyo maana inaniuma kuona mabaraza yakitumia muda mrefu kulaumu kikokotoo siku ya kuaga, huku mstari wa madeni ya wastaafu ukipita kwenye kabrasha bila swali hata moja.

Na si kwamba mabaraza hayajui kufuatilia deni. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudi. Leo kwenye kamati ya fedha yanaletwa majedwali ya marejesho: jina la kikundi, kiasi kilichokopwa, kilichorejeshwa, kinachodaiwa. Madiwani huyapitia majedwali hayo kwa makini, na huuliza kikundi hiki cha kata yangu kimekwama wapi. Halmashauri inayoweza kutengeneza jedwali la kina mama inaowadai fedha zisizozidi mtaji wa genge, inaweza kutengeneza jedwali la walimu na wauguzi wanaoidai yenyewe. Jina, tarehe ya kustaafu, jalada limekamilika au bado, stahili ya mizigo ni kiasi gani, imelipwa lini. Safu tano tu. Liletwe kila robo mwaka, lisomwe ukumbini mbele ya wananchi, maana mikutano ya baraza iko wazi kwa umma.

Kuna upande wa pili ambao hauhusu fedha, na kwangu una uzito uleule. Mtu anapoondoka anaondoka na anachokijua.

Chukua afisa ardhi wa halmashauri ya mji. Miji yetu midogo, Korogwe, Makambako, Masasi, Babati, Kasulu, imekua haraka kuliko ramani zake. Afisa ardhi aliyekaa mahali pamoja kwa muda mrefu anajua kiwanja kipi kiligawiwa mara mbili, bikoni ipi ilisogezwa usiku, eneo gani la wazi lililotengwa kwa shule sasa lina nyumba na nani alisaini. Bwana afya anajua mfereji upi unazibwa kila masika na dampo la zamani lilifukiwa wapi kabla watu hawajajenga juu yake. Mtendaji wa kata anajua familia zilizogombana kwa mpaka tangu enzi za baba zao, na anajua namna ya kuziweka chini bila polisi. Mhasibu anajua kwa nini akaunti fulani ina salio lisilogusika. Haya mengi hayamo kwenye jalada lolote. Yamo kichwani mwa mtu ambaye tunampa dakika mbili za kushukuru kabla ya pilau.

Taratibu za utumishi zinataka kukabidhi ofisi kwa maandishi. Ninachopendekeza ni kwamba taarifa ya makabidhiano ya mtumishi anayeshika eneo nyeti, ardhi, afya, ujenzi, fedha, watendaji wa kata, ipitie kwenye kamati inayohusika kabla hajaondoka, na mwenyewe awepo kujibu maswali. Apewe nusu saa. Aulizwe: umeacha nini kikiwa kibovu? Ni ahadi gani ya halmashauri unayoijua ambayo haikutekelezwa? Nani kati ya vijana waliobaki anaijua kazi hii? Mtu anayestaafu hana tena cheo cha kugombania wala mkubwa wa kumwogopa. Ni wakati pekee katika maisha yake ya kazi ambapo anaweza kusema yote, na sisi tunamwambia aseme asante.

Wapo watakaosema haya ni makubwa kwa kikao cha kawaida, kwamba baraza lina ratiba yake na madiwani wamechoka. Jibu langu limo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa, na mabaraza ya miji nayo yakafuata. Kazi zao zikahamia kwa maofisa wa mikoa na wilaya waliowajibika kwa serikali kuu. Miji haikubomoka kwa siku moja. Ilichoka polepole: taka hazikuzolewa kwa wakati, mitaro haikuzibuliwa, barabara za mitaa hazikuwa na wa kuziulizia. Kipindupindu kilipolipuka nchini mwishoni mwa miaka ya sabini, miji ilikuwa haina chombo cha kusimamia usafi wake. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya muda kurudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria Na. 7, 8 na 9 za serikali za mitaa, na mwaka 1984 mamlaka hizo zikarejea rasmi kote nchini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia, pamoja na kuvivunja vyama vya ushirika.

Kilichokosekana katika miaka ile kilikuwa hiki hiki tunachokiita shughuli za kawaida: kikao kinachorudi kila baada ya miezi mitatu, muhtasari unaothibitishwa, yatokanayo yanayoulizwa, na mtu wa kata anayesimama kusema mfereji bado umeziba. Ukiziona zinachosha, kumbuka kwamba nchi hii ilijaribu kuishi bila hizo kwa muongo mzima. Na waliozibeba shughuli hizo tangu ziliporudi, makarani wa miaka ya themanini, mabwana afya, walimu wakuu, madereva, ndio waliokwisha kuondoka au wanaokaribia kuondoka.

Ugumu mwingine unatoka juu. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, na orodha ya uteuzi, yaani mkeka, inaweza kutoka jioni ikamkuta katikati ya bajeti. Kesho yake anasubiriwa kituo kipya. Baraza alilokuwa katibu wake linasoma habari hiyo kwenye simu kama wananchi wengine. Siwezi kuwaambia madiwani wazuie uteuzi, hawana mamlaka hayo. Lakini naamini baraza lina haki ya kudai makabidhiano ya mkurugenzi anayeondoka yaletwe kwenye kikao kinachofuata, yakiwa na orodha ya madeni, na madeni ya wastaafu yakiwa mstari wake wenyewe. Nimewasikia wakurugenzi wapya wakisema, bila nia mbaya, kwamba deni la mstaafu fulani ni la watangulizi wao. Mwajiri wa yule mkunga hakuwa mtu. Ilikuwa halmashauri, na halmashauri haihamishwi na mkeka.

Wapo pia wanaoondoka bila hafla yoyote. Mwaka 2017 maelfu ya watumishi waliondolewa kwa vyeti vya kughushi, na katika kipindi hicho hicho waliondolewa watumishi wa darasa la saba, wengi wao watendaji wa vijiji na madereva wa halmashauri. Mwaka uliofuata Serikali iliagiza wale walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe kazini, kwa kuwa sharti la kidato cha nne lilianza siku hiyo. Walioweza kuthibitisha tarehe ya ajira yao walikuwa na mahali pa kusimamia. Sijui mfano unaonyesha wazi zaidi ya huo kwamba karatasi iliyotunzwa na karani asiyejulikana ndiyo inayoamua kama mtu atarudi kwenye mshahara au atabaki nyumbani.

Kwa hiyo ninachowaomba madiwani wa miji midogo ni kidogo na kinatekelezeka. Orodha ya watakaostaafu katika miezi 12 ijayo iletwe kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na afisa utumishi aeleze hali ya kila jalada wakati mtu bado yuko kazini na anaweza kutumwa na halmashauri, kwa gharama za halmashauri, kuifuata barua inayokosekana. Fedha za mizigo zitengwe kwa majina, zisifichwe ndani ya fungu la jumla la matumizi mengineyo. Hafla ya kuaga isifanyike mpaka stahili ya mizigo iwe imelipwa au tarehe ya kuilipa iwe imeandikwa kwenye muhtasari. Na huo muhtasari uwe na aya moja kwa kila anayeondoka: jina lake kamili, vituo alivyofanyia kazi, na jambo moja au mawili aliyoyaacha yakiwa bora kuliko alivyoyakuta. Vyeti huliwa na mchwa. Muhtasari uliothibitishwa hutunzwa kwenye masjala ya halmashauri, na mjukuu wa yule dereva wa gari la wagonjwa anaweza siku moja kuuomba na kuusoma.

Wapo madiwani watakaoogopa kwamba kuwaweka wastaafu kwenye ajenda kutafichua ukubwa wa deni. Kutafichua, na ni vyema. Mwenyekiti anayejua kwamba mwakani watastaafu walimu wengi kwa mpigo, kwa sababu waliajiriwa kwa mpigo, ana nafasi ya kuandika mapema kuomba fedha, ana nafasi ya kupunguza safari na posho zisizo za lazima, ana nafasi ya kuwaambia ukweli wahusika. Asiyejua hubaki na godoro tu la kutoa.

Bajeti ya mwaka ujao wa fedha hupitishwa na mabaraza kati ya Januari na Machi, ili ianze kutumika Julai mosi. Majina ya watakaotimiza miaka 60 ndani ya mwaka huo yako tayari mezani kwa afisa utumishi wa kila halmashauri. Diwani anayeyataka hahitaji hoja binafsi wala ruhusa ya mtu. Anahitaji kuyaulizia kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Fedha, ambacho kitakaa ndani ya mwezi huu.